Ng'ombe Aliyeanguka kwa Kushiba

Mimi ni fundi cherehani. Kwenye kazi yangu mambo yako wazi: gauni likibana nalegeza, likipwaya nabana, na kitambaa kikipungua maana yake mteja alileta kidogo au mimi nilikata vibaya. Sijawahi kuona kitambaa kimepungua kwa sababu kililetwa kingi. Ndiyo maana yule daktari wa mifugo aliposimama bandani kwa mama yangu, buti zake zimejaa mavi, akaniambia ng'ombe ameishiwa madini mwilini kwa sababu tulimpa madini mengi mno, nilimtazama nikafikiri huyu dada hajalala vizuri. Nikamwambia hebu rudia. Akarudia. Sikuelewa. Nikamwambia rudia tena, na safari hii sauti ilikuwa imeshapanda, maana mimi nikichanganyikiwa huwa nakasirika kwanza. Kuelewa kunakuja baadaye, kukipenda.

Ngoja nianzie mahali panapoeleweka.

Mama anakaa Moshono, kwenye nyumba waliyojenga na baba walipohamia Arusha kutoka Machame wakiwa bado vijana. Siku hizi kumejaa mageti na nyumba za ghorofa, lakini mama bado ana migomba yake nyuma ya jiko na anaiongelesha. Mimi nakaa Lemara na kibanda changu cha kushonea kiko Daraja Mbili. Tulizaliwa wengi, ila wenzangu wako mbali, wa karibu ni mimi. Kwa hiyo chochote kikitokea Moshono, hata bomba likivuja, simu inalia kwangu na mimi naenda huku nalalamika.

Baba alikufa kwa sukari. Naanza na baba kwa sababu habari ya ng'ombe bila baba haina maana. Walipomkuta na ugonjwa, kule kliniki muuguzi alimkalisha mama akamwambia yote: apunguze ndizi, apunguze ugali, mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama yenye mafuta, asiuone kabisa, soda aisahau. Mama ni mtu wa kutii. Akiambiwa na mchungaji, anatii. Akiambiwa na muuguzi, anatii mara mbili. Akaweka kufuli kwenye kabati la jikoni na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

Na baba alikuwa mtu wa kula, jamani. Mchaga wa watu, amelelewa na mtori. Mwanzoni alikuwa anafanya utani. Mama akimletea sahani ya mchicha na kipande cha ugali cha kumtosha kuku, baba anaiinua, anaangalia chini yake, anauliza, "Mke wangu, chakula kiko wapi, au hiki ndicho kifuniko?" Tunacheka sote. Baadaye akaacha utani. Akawa anaomba, kwa upole, jinsi mtoto anavyoomba. "Nipikie mtori siku moja tu." Mama anasema daktari amekataa. Niliwahi kuwakuta Jumapili moja wamekaa mezani hawaangaliani, machozi yanamtoka mama na mkono umeshika ule ufunguo. Sikujua niwe upande wa nani. Hata leo sijui.

Alikufa usingizini. Kwenye msiba mama alikuwa na maneno yaleyale kwa kila anayeingia kumpa pole: "Amelala na njaa. Nimemnyima chakula, amelala na njaa yake." Wanawake wa kanisani wakamnyamazisha, wakamwambia ulifanya uliloagizwa, Mungu ameona. Mama anatikisa kichwa. Tulipomaliza kuzika akaacha kula yeye mwenyewe. Anakaa kwenye kochi la baba, chai inapoa mbele yake. Akawa anakonda mpaka kanga inamvuka.

Kaka yangu ndiye aliyepata wazo la ng'ombe. Alisema mama akipata kiumbe cha kushughulika nacho atainuka. Mimi nilibisha, nikasema mjane anahitaji watu, hahitaji mavi ya kuzoa. Basi nilikosea, kama kawaida yangu. Akaletwa ng'ombe wa maziwa, mkubwa, rangi ya chai yenye maziwa, ameshazaa mara kadhaa huko alikotoka, na ana mimba. Mama alitoka nje kumwangalia. Akamzunguka. Akamgusa mbavu. Halafu akasema, na hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza ndefu tangu msiba, "Huyu wamemkondesha. Kwenye nyumba hii hakuna atakayenyimwa chakula tena."

Akainuka kweli. Akaanza kula, kwa kuwa huwezi kukata majani asubuhi na tumbo tupu. Akaanza kugombana na wauza majani barabarani, akaanza kunipigia simu kunituma pumba. Nilimshukuru Mungu, na hapohapo nikaingiwa na hofu ambayo sikumwambia mtu. Niliona wazi kwamba mama amejishikiza kwa yule mnyama. Ng'ombe akifa, nilijua na mama anaondoka.

Sasa sikiliza alivyomlisha. Sisi kwetu mwanamke akizaa anatunzwa. Anakaa ndani, analetewa mtori, nyama, maziwa, siagi, mpaka mashavu yanang'aa, na asiponenepa ni aibu ya upande wa mume. Mama akaamua ng'ombe atatunzwa vivyo hivyo, na hakungoja azae. Ulipofika wakati wa kuacha kumkamua ili apumzike kabla ya kuzaa, ndipo mama alipofungua mkono. Mashudu ya alizeti. Pumba. Majani ya lusina aliyokuwa anayakata mwenyewe kwenye uzio, kwa kuwa aliambiwa yana nguvu. Maganda ya ndizi. Magadi. Na yale madini ya unga mweupe, ambayo kwenye mfuko yameandikwa kiasi chake, mama anaweka mara mbili. "Ana mtoto tumboni," ananiambia, "anajenga mifupa ya watu wawili." Nami nikaona ni akili kabisa. Nani angeona vinginevyo? Mgongo wa ng'ombe ukawa bapa, ungeweza kuweka sinia la vikombe juu yake. Jirani yetu wa uzio wa pili, mama mmoja Mmeru mwenye maneno, akachungulia akasema, "Wee dada, huyu unamlisha azae au unampeleka harusini?" Mama akacheka. Alicheka! Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu.

Alizaa Jumamosi asubuhi, bila shida, ndama jike. Na Jumamosi hiyo ikawa sikukuu. Pale mtaani maziwa ya kwanza, dang'a, hayanywewi na mwenye ng'ombe peke yake. Unayachemsha yanaganda kama jibini, au unawagawia majirani mabichi, kila mtu akachemshe kwake. Usipogawa unaitwa mkono wa birika mpaka ng'ombe atakapozaa tena, na wapo wanaosema kiwele kitavimba kwa uchoyo wako. Basi walikuja. Mama Mmeru na bakuli lake, watu wa nyumba ya kupanga na vikombe, jirani Mwislamu anayeuza viungo sokoni akamtuma mkwewe na chupa, hata mlinzi wa geti la mbele alikuja na kopo. Ndama aliposhiba, mama akakaa kwenye kigoda akakamua. Akakamua mpaka chuchu zikalegea. Kila mtu alipata, hakuna aliyeondoka mkono mtupu, na mama alikuwa amejaa furaha, nguo imemlowa maziwa, anawaambia kesho mje tena.

Mchana ng'ombe akagoma kula. Mama akasema ni uchovu wa uzazi. Baadaye kidogo akawa anahamahamisha miguu ya nyuma, anayumba anapogeuka. Kisha akakaa chini, akakunja shingo akaelekeza kichwa ubavuni, kama anayesikiliza tumbo lake mwenyewe. Mama akamwita. Hakugeuka. Nilipofika kutoka Daraja Mbili nilimkuta mama amepiga magoti kwenye mavi, ameyashika masikio ya ng'ombe kwa mikono miwili.

"Shika," akaniambia. "Mbona ya baridi hivi?"

Nikashika. Ya baridi, haki ya Mungu, kama chuma cha geti asubuhi. Pua imekauka, macho yamekufa, tumbo linaanza kujaa. Nikampigia simu daktari wa mifugo, akasema yuko upande wa Usa, nje kidogo ya mji, anakuja. Na kabla hajafika, wakafika wataalamu wengine wote wa Moshono.

Mama Mmeru alisema ni jicho. Kuna mtu asubuhi alikisifia kile kiwele bila kutema mate, na kiwele kama kile huwezi kukisifia kavukavu hivyo. Mlinzi akasema ni ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Mwingine amemeza mfuko wa nailoni. Mwingine nyoka. Kijana wa bodaboda akaja na chupa ya mafuta ya kupikia anataka kumnywesha tumbo lishuke, nikamfukuza. Sikuwa na sababu yoyote ya kitaalamu, nilimfukuza kwa hasira tu, na baadaye daktari akasema ningemwacha yangeingia kwenye mapafu. Kila anayesema nilimwamini, shida ndiyo hiyo. Nilikuwa naamini jicho, naamini nailoni, naamini nyoka, vyote kwa pamoja, na hakuna kilichonisaidia.

Halafu akaja muuza nyama. Nasema ukweli, hakuja kwa ubaya. Alikuja akavua kofia, akampa mama pole, akasema kwa adabu kwamba mnyama akishakunja shingo hivyo haamki, na ni afadhali achinjwe angali na pumzi, nyama isipotee. Kila mtu alikuwa ameshaliwaza hilo. Mama hakuinua hata kichwa.

"Atakayeshika kisu," alisema, "aanze na mimi."

Muuza nyama akavaa kofia yake akaenda kusimama kwenye geti.

Daktari alifika na pikipiki, mwanamke kijana mwembamba, nikamwangalia nikakata tamaa. Lakini alipoingia bandani aliinama kwanza kwa mama. "Shikamoo mama. Pole sana." Akamshika ng'ombe masikio, akamsikiliza moyo, akauliza amezaa lini, huu ni uzao wa ngapi, amekamuliwa kiasi gani. Akasema, "Ni homa ya maziwa."

"Homa?" nikadakia. "Homa gani na mwili umepoa namna hii? Shika masikio!"

"Jina tu hilo, dada. Haina joto. Nileteeni maji ya moto kwenye beseni."

Akaloweka chupa yake ya dawa kwenye yale maji ipate uvuguvugu, akatusimamia tukamkalisha ng'ombe kifua chini na magunia ya majani pembeni asilale ubavu, akatafuta mshipa shingoni. Dawa ikawa inaingia taratibu, yeye sikio liko kwenye moyo wa ng'ombe, akisema ikiingia haraka moyo unasimama. Tulikaa. Hakuna aliyeongea, hata mama Mmeru, na hilo lilinitisha kuliko yote. Kisha nikaona ngozi ya ubavuni inatetemeka. Ng'ombe akacheua. Akanya. Mimi sikuwahi kufikiri nitafurahia mavi maishani mwangu. Akakunjua shingo, akatutazama kama anayeuliza nyie mnafanya nini hapa, na baada ya muda akajikusanya, matako juu kwanza, akasimama.

"Yeleuwi!" mama akapiga kelele, na vigelegele vikafuata. Mlinzi alinikumbatia, na mimi simpendi yule mlinzi.

Hapo ndipo nilipouliza swali nililodhani lina jibu. Nikauliza, sasa ni nini kilichomwangusha?

Daktari alikuwa ananawa. Akasema maziwa yanapoanza kutoka yanachukua kalsiamu nyingi sana ghafla, ile ya mifupa, na mwili usipowahi kuirudisha ng'ombe anaanguka. Nikasema basi alipungukiwa, na mama alikuwa anampa mara mbili. Akasema hilo ndilo tatizo. Ghala la madini liko kwenye mifupa. Ukimpa mengi kila siku kwa mdomo kabla ya kuzaa, na lusina nazo zimejaa hayohayo, ghala linafungwa na mwenye ghala analala. Siku ya maziwa wanakuja kugonga, hajaamka. Nikamwambia arudie. Akarudia, ndipo hapo nilipoanzia kusimulia.

"Kwa hiyo ni chakula changu," mama akasema.

"Si chakula tu, mama. Ana umri, si uzao wake wa kwanza. Damu yake ni ya maziwa mengi, hao wanaanguka zaidi. Amenenepa mno, na ng'ombe mnene akizaa anakula kidogo, mwili unayeyusha mafuta yake, ini linazidiwa. Anaweza kuumwa na hilo pia, tumwangalie. Halafu mmemkamua mpaka mwisho siku ya kwanza. Mngemwachia mengine kiweleni."

"Sasa katika hayo yote," nikasema, "ni lipi?"

"Siwezi kukuambia ni lipi. Hayo ni mambo yanayoongeza hatari. Kuna ng'ombe anayo yote na haanguki."

Nikachoka kabisa. Nikasema dada, mimi mteja akiniletea zipu iliyoharibika siwezi kumwambia ni umri wa zipu, na unene wa mvaaji, na kwamba wako wenye zipu kama hiyo na haiharibiki. Akacheka, akasema mwili si zipu. Lakini mimi nilikuwa nimeshawahi kusikia maneno yale. Muuguzi wa kliniki alimwambia baba hivyohivyo: umri, unene, damu ya ukoo, chakula, kukaa sana. Baba akauliza ni lipi. Muuguzi akasema siwezi kukuambia ni lipi.

Mama alikuwa anafuta mikono kwenye kanga, anaifuta na kuifuta ingawa imeshakauka. "Yule nilimnyima, akafa," alisema. "Huyu nimempa, ameanguka. Mniambie basi, mikono yangu niiweke wapi?"

Daktari hakujua yule ni nani. Alidhani ni ng'ombe mwingine, akasema pole mama, na huyo alikuwa wa uzao wa ngapi? Mimi nikatoka nje nikaenda kusimama kwenye migomba, sijui nilitaka kucheka au kulia.

Ng'ombe alipona. Alidhoofika kidogo, akatibiwa, akarudi kula, akatoa maziwa mwaka mzima. Akapata mimba tena. Na ulipofika wakati wa kumpumzisha kukamuliwa, daktari akaja kutupa masharti mapya: hakuna mashudu, hakuna lusina, unga mweupe uwekwe kabatini mpaka azae. Apewe mabua na majani makavu, ashibe hayo. Vyakula vizito vianze kurudi karibu na kuzaa, tena kidogokidogo.

Mama akasema hawezi. Alisema kistaarabu, daktari akiwepo, na alipoondoka akaniambia mimi sinyimi mwenye mimba chakula. Tuligombana. Nilimwambia mama unataka aanguke tena? Akaniambia wewe si ndiye uliyesema yule dada hajui kazi? Kweli nilisema. Mwisho akafungua pindo la kanga, akanipa ufunguo wa stoo. "Mnyime wewe," akasema. Nikahamia Moshono na cherehani yangu.

Jamani, kumnyima mnyama anayekujua ni kazi. Anaiona stoo. Anajua kilichomo. Nikipita analia, na ana sauti ya kumfanya mtu ajione muuaji. Mama anajifunika kanga masikioni anaingia chumbani. Mama Mmeru akapaza sauti kutoka uzioni, "Huyo ng'ombe mbona analia kama yatima?" Nikamwambia ashughulike na kuku wake. Nilitupa mabua, nikasimama hapo nikimwangalia anayanusa kwa dharau, na mimi mwenyewe sikuwa na uhakika na ninachofanya. Nilikuwa natii tu.

Akazaa. Dume safari hii. Daktari alikuwepo, akasema tukamue kidogo, tuache mengi kiweleni. Majirani wakapata dang'a ya kulowesha kidole, na aliyenuna akanuna. Mchana ukafika, ng'ombe akawa anakula. Jioni amesimama. Kesho yake amesimama, masikio ya moto, ananisukuma kwa pua. Nilicheza pale bandani, nawaambia. Nilimshika daktari mkono nikamzungusha na buti zake.

Mama peke yake hakucheza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamtazama ng'ombe, na uso wake ulikuwa ule wa kwenye kochi la baba. Nikashangaa, na nikakasirika. Nikamwambia, "Mama, si amesimama? Si ndicho tulichokuwa tunakiomba? Unataka nini tena?"

Akamgeukia daktari.

"Mwanangu, nikuulize. Aliyezoea kunyimwa. Tuseme amenyimwa muda mrefu, tumbo limeshazoea hivyo. Halafu siku moja mtu anamwonea huruma, anampa kitu kizito, bakuli zima. Anaweza kudhurika?"

"Sana, mama," daktari akasema, anafunga mkoba wake, hana habari. "Anaweza hata kufa. Ndiyo maana nawaambia kidogokidogo."

Mama akasema asante mwanangu. Akamsindikiza mpaka getini, akamfungia maparachichi kwenye mfuko, akarudi akakaa palepale. Mimi nilikuwa bado nimesimama na ndoo. Kuna kitu kilikuwa kinanisumbua na sikujua ni nini, mpaka nilipokijua. Ng'ombe hali kwenye bakuli.

"Mama," nikasema.

"Nilisema uongo kwenye msiba," akasema. "Hakulala na njaa. Jioni ile nilimpikia mtori. Wa nyama, na mafuta yake, kama wa mzazi. Nilichoka kumwona anaomba. Alivyoona bakuli alilia, baba yako, alilia kwanza ndipo akala. Asubuhi namwamsha, wa baridi. Watu wakanipa pole, nikaona nikisema nimempa watasema nimemuua. Nikisema nimemnyima watasema nimemtii daktari. Ndiyo nikasema hivyo, na wakaniamini wote."

Nilibaki nimeishika ile ndoo kwa mikono miwili.

"Huyu ng'ombe alipokuja," akasema, "nilitaka nimwone mmoja tu anakula mkononi mwangu mpaka anashiba, na asife. Mmoja tu. Ukaona alivyoanguka. Na sasa umemnyima wewe, amesimama."

Nilitaka kumwambia baba alikuwa mgonjwa sana, kwamba mwili si zipu, kwamba daktari wa ng'ombe hajui habari za watu, kwamba wako waliokula mabakuli mawili na wakaamka. Sikujua lipi ni kweli katika hayo. Nikaweka ndoo chini nikachuchumaa mbele yake nikashika magoti yake. Na badala ya yote hayo nikauliza swali la kijinga.

"Alimaliza bakuli?"

"Alimaliza. Akakwangua na kijiko." Midomo ya mama ikataka kucheka, ikashindwa. "Akasema niongezee."

"Ukamwongezea?"

Mama akatikisa kichwa.

"Niliogopa," akasema. "Nikamwambia kesho."